Kubadilisha ekzosi ya pikipiki nyumbani: kazi iko kwenye hedi, siyo mkiani

Pikipiki inayolala Shangani au Mikindani haifunguki kama inayolala Masasi. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na nati za ekzosi zinapata moto na kupoa kila siku bila rangi wala grisi ya kuzikinga. Kwa hiyo anayetaka kujifungia ekzosi mpya huku kwetu Mtwara na Lindi ajue mapema: kufunga mpya ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kufungua ya zamani bila kukata studi (bolti zisizo na kichwa zilizosimikwa kwenye injini), kisha kuhakikisha maungio ya kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, hayavuji. Umbo la silensa na mlio wake, ambavyo ndivyo watu huulizia kwanza, vinakuja baadaye sana.

Kabla ya kulipa hela, pima. Pima umbali wa studi mbili, kati kwa kati. Pima kipenyo cha mdomo wa bomba unaoingia kwenye tundu la hedi. Halafu angalia sehemu ambayo silensa inashikwa na fremu. Muuzaji wa spea akisema "hii inaingia Boxer zote", mwombe uilaze kando ya ekzosi ya zamani, midomo ikiwa sawa, uone kama tundu la bolti ya nyuma linalingana. Likipishana zaidi ya milimita 5 hivi, iache. Kwenye bodaboda nyingi bomba na silensa vimechomelewa kuwa kitu kimoja, kwa hiyo kubadilisha silensa peke yake maana yake ni kukata na kuchomelea. Ni afadhali ununue nzima.

Wengi hupima stenilesi kwa sumaku. Isiposhika ni dalili nzuri, maana daraja la 304 kwa kawaida halivutwi na sumaku. Lakini ikishika usikimbilie kusema umeuziwa chuma cha kawaida: daraja la 409, linalotumika sana kwenye ekzosi, linavutwa, ila nalo hushika kutu ya juu juu, hasa karibu na bahari.

Kitu kimoja kinasahaulika karibu kila mara: kile kimpira kinachozuia stendi kubwa isipande kupita kiasi. Kwenye pikipiki nyingi kimefungwa kwenye ekzosi yenyewe. Ekzosi mpya ikija bila sehemu ya kukishika, stendi inapanda na kugonga mnyororo. Chomelea kishikio kabla ya kufunga, siyo baada ya kusikia mlio.

Sasa kufungua. Jioni ya kuamkia siku ya kazi, sugua nati na ncha za studi kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, acha yalale. Asubuhi washa injini dakika mbili tu. Alumini ya hedi inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha studi, na tofauti hiyo inasaidia kutu iachie. Hedi iwe ya uvuguvugu, isiwe ya kuunguza. Tumia boksi spana ya pembe 6, usitumie ya pembe 12, ambayo hula kona za nati iliyolika. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zina studi za M6, nati zake ni za spana 10. Nyingine zina M8, za spana 12 au 13. Kaza nati kidogo kabisa kwanza, uvunje kutu, ndipo uilegeze. Inazunguka robo, inakaza tena? Irudishe ndani, weka mafuta, irudishe nje. Ukihisi mkono unateleza kwa ulaini kama spana imegeuka mpira, acha hapo hapo: studi inajipinda, imebaki kukatika.

Ikikatika na kipande kikabaki nje, funga nati mbili juu yake, uzikaze zenyewe kwa zenyewe, halafu fungua kwa ile ya ndani. Ikikatikia ndani ya hedi, msaada ni wa fundi mwenye mashine ya kutobolea na tapu (kifaa cha kukata nyuzi). Kutoboa kwa mkono kunapinda, na hedi ni ghali kuliko ekzosi.

Kwenye pikipiki za muundo wa CG (ule wa Honda CG125) kuna vipande viwili vya nusu duara chini ya flenji, lile bamba linalobana bomba kwenye hedi. Tandika kitambaa kabla ya kushusha bomba. Vikizama kwenye mchanga utavitafuta sana. Kisha mulika tochi ndani ya tundu la hedi. Gasketi ya zamani, yaani pete ya kuziba maungio, huwa imegandamana pale, nyeusi kama masizi, na mtu anadhani ni sehemu ya hedi. Ing'oe taratibu kwa bisibisi nyembamba bila kuchora alumini. Gasketi mpya ikikaa juu ya ya zamani haitazibika hata ukaze mpaka studi ikatike. Na gasketi ya shaba ni ya kutumia mara moja: inaziba kwa kubanwa, na ikishabanwa haibaniki tena.

Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za studi. Grisi ya kawaida inaungua siku ile ile. Bandika gasketi tundu la hedi kwa tone la grisi isianguke, ingiza bomba, shika nati kwa vidole tu. Weka bolti ya nyuma nayo kwa vidole. Bomba lazima lifike lenyewe kwenye kishikio cha fremu. Ukilivuta kwa nguvu, mtikisiko utapasua kishikio au weldi barabarani. Sasa kaza nati za flenji kwanza, nati hii nusu mzunguko, ile nusu mzunguko, nafasi ya flenji ibaki sawa pande zote. M6 inatosha Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 hadi 12, M8 Nm 20 hadi 25. Huna spana ya kupimia? Shika spana fupi karibu na kichwa chake. Bolti ya nyuma inakazwa mwisho. Kabla ya kuwasha, futa alama za vidole kwa petroli kidogo na usubiri ikauke, la sivyo zitaungulia kwenye kromu.

Nyunyiza maji ya sabuni kwenye flenji injini ikiwa bado baridi, washa, tazama mapovu. Mvujo wa hapo hautoi moshi tu nje. Kati ya pigo na pigo unavuta hewa ndani, na hewa hiyo inakutana na petroli isiyoungua kwenye bomba la moto. Ndiyo maana ukiachia mafuta kwenye mteremko pikipiki inapiga risasi. Wengi hukimbilia kabureta wakati tatizo ni gasketi.

Flenji ikiwa haivuji ndipo uangalie kabureta. Silensa inayopitisha moshi kwa urahisi inaweza kupunguza petroli kwenye mchanganyiko. Endesha kwa mwendo wa kawaida, zima, toa plagi ikipoa. Kahawia isiyokolea ni sawa. Nyeupe kavu ina maana petroli ni ndogo, na jeti kubwa (kitundu kikuu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) inahitaji kupanda namba moja au mbili. Silensa iliyotolewa vizuia kelele vya ndani haiongezi nguvu ya maana kwenye cc 125. Inaongeza kelele kwa wanaolala na maelezo kwa trafiki.

Usifunge bila kinga ya joto. Abiria anashuka na kanga au kitenge upande wa bomba, na msimu wa korosho gunia linaegemea silensa hadi ghalani, huku ganda la korosho lina mafuta yanayowaka.

Injini ikipoa kabisa, kaza tena nati za flenji ya ekzosi, maana gasketi imeshakaa. Rudia baada ya kilomita 100. Na lile tundu dogo chini ya silensa usilizibe: lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, na kwa safari fupi za mjini silensa haipati moto wa kuyakausha. Likiziba kwa masizi, lizibue kwa waya mwembamba.