"Wachezaji wamegoma tena!" na mengine ambayo mashabiki wa hoki huamini ligi inapofungwa

Tarehe 16 Februari 2005, Gary Bettman, kamishna wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, alisimama mbele ya waandishi wa habari jijini New York akatangaza kuwa msimu mzima umefutwa. Mechi 1,230 za hoki ya barafu zikafa bila hata moja kuchezwa, na Kombe la Stanley likakosa bingwa kwa mara ya kwanza tangu 1919, mwaka ambao fainali ilikatizwa na mafua makali yaliyokuwa yakiua watu duniani kote. Hakuna ligi kubwa ya Amerika Kaskazini iliyokuwa imewahi kupoteza msimu mzima kwa ugomvi wa kazi.

Mashabiki walikasirika, na walikuwa na haki. Ila hasira haina macho. Maneno yaliyosemwa wakati ule yalirudi neno kwa neno mwaka 2012, ligi ilipofungwa tena, na mengi hayakuwa kweli.

"Wachezaji wamegoma"

Hili ndilo kosa sugu kuliko yote. Mgomo ni mfanyakazi kuweka jembe chini. Kilichotokea 1994, 2004 na 2012 ni kinyume chake: mkataba wa hali bora uliisha, wamiliki wa timu wakafunga milango, wakasema hakuna kazi wala mshahara mpaka mkataba mpya utiwe saini. Mwaka 2012 chama cha wachezaji, NHLPA, kilikuwa tayari watu wake waingie uwanjani kwa masharti ya zamani huku mazungumzo yakiendelea. Wamiliki wakakataa. Mpangaji hakuhama, mwenye nyumba ndiye aliyebadilisha kufuli.

Wachezaji wa NHL wamegoma kwa pamoja mara moja tu, Aprili 1992, kwa siku 10. Tazama huo mwezi. Mchezaji hulipwa mshahara wake katika msimu wa kawaida, na mwezi Aprili pesa yake karibu yote iko mfukoni. Mmiliki ndiye anayesubiri kuvuna kwenye mechi za mtoano. Kwa hiyo silaha ya mchezaji hukata mwezi Aprili, na ya mmiliki hukata Septemba, mchezaji akiwa hajaingiza hata senti. Wamiliki walilipata somo hilo. Msimu wa 1993-94 ulichezwa bila mkataba mpya, na kabla ufuatao haujaanza milango ikafungwa, wachezaji wasipate nafasi ya kufika Aprili nyingine. Mara zote tatu kufuli limetiwa mwanzoni mwa msimu, na sidhani ni bahati mbaya.

Kuna kisa cha zamani zaidi, cha timu moja. Mwaka 1925 Hamilton Tigers wa Kanada walimaliza wakiongoza ligi. Mechi zilikuwa zimeongezwa kutoka 24 hadi 30, malipo hayakuguswa, nao wakadai dola 200 kila mmoja la sivyo hawachezi mtoano. Ligi iliwasimamisha, ikawatoza faini ya dola 200 zile zile, na wachezaji wake wakauzwa New York. Hamilton haijapata timu ya NHL hadi leo.

"Ni tamaa ya wachezaji tu"

Mwaka 2005 kampuni ya Ipsos-Reid iliwauliza Wakanada nani wa kulaumiwa. Zaidi ya nusu walisema wachezaji. Waliowataja wamiliki walikuwa kama mmoja kati ya watano.

Nadhani sababu ni rahisi: mshahara wa mchezaji unajulikana. Tangu 1990 hivi, shabiki anaweza kufungua gazeti akaona fulani analipwa milioni ngapi, kisha jioni akamwona huyo huyo akikosa goli lililo wazi. Vitabu vya hesabu vya mmiliki havifunguliwi gazetini. Ligi ilimwajiri Arthur Levitt, aliyewahi kuongoza taasisi inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, naye akaripoti kuwa NHL ilipata hasara ya dola milioni 273 katika msimu wa 2002-03. Jarida la Forbes likapiga hesabu zake, hasara ikatoka chini ya nusu ya hiyo. Pengo la zaidi ya dola milioni 100, na shabiki yuko sebuleni anatakiwa aamue nani mkweli.

Kufikia 2012 upepo ulikuwa umegeuka. Wachezaji walikuwa wamekwisha kumeza yote mwaka 2005: ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaweza kuwalipa wachezaji wake wote, ambao walikuwa wameapa kuukataa, na kukatwa asilimia 24 kwenye mikataba waliyokwisha kusaini. Mapato ya ligi yakapanda hadi dola bilioni 3.3. Halafu pendekezo la kwanza la wamiliki likawa kushusha fungu la wachezaji kutoka asilimia 57 ya mapato hadi 43. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano angeishtukia. Katikati ya joto hilo Jim Devellano, kiongozi wa miaka mingi wa Detroit Red Wings, akasema wazi kwamba wamiliki ndio shamba na wachezaji ni ng'ombe, akijihesabu naye humo. Ligi ikamtoza faini iliyoripotiwa kuwa dola 250,000. Sina hakika kosa lake lilikuwa uongo.

"Bettman akiondoka, mambo yatatulia"

Kila mwaka akikabidhi Kombe la Stanley, uwanja mzima humzomea. Imekuwa kama sehemu ya sherehe. Wanaomzomea humwona kama refa aliyeshindwa kuamua ugomvi. Kamishna si refa. Ameajiriwa na wamiliki na anatumwa na wao, na kelele zote zinazomwangukia ni kelele ambazo mabosi wake hawazisikii. Kwa kazi hiyo, anastahili mshahara wake.

"Mishahara ikibanwa, tiketi zitashuka bei"

Baadhi ya klabu zilishusha bei katika msimu wa 2005-06 ili kuwabembeleza watu. Haikudumu. Bei ya kiti hufuata watu wangapi wanakitaka, si mchezaji analipwa nini. Na ukomo wenyewe haukukaa pale pale: ulianza na dola milioni 39 kwa timu, na miaka sita baadaye ulikuwa milioni 64.3, kwa kuwa umefungwa kwenye mapato.

"Fahali wamepigana, sisi mashabiki ndio nyasi"

Methali ni ya kwetu na inaingia vizuri, ila nyasi zimekosewa. Shabiki amekosa burudani, na mwenye tiketi ya msimu alirudishiwa pesa yake. Anayemegesha magari uwanjani, muuza soseji, mfagia viti, mhudumu wa baa ya jirani iliyokuwa ikijaa usiku wa mechi: hao hulipwa kwa siku, na siku zisipokuwepo hakuna wa kuwafidia. Mchezaji nyota naye ana pa kukimbilia. Msimu wa 2004-05 zaidi ya wachezaji 380 walivuka kwenda ligi za Ulaya. Mwaka 2012 Alexander Ovechkin, nyota kutoka Urusi, alirudi klabu ya Dynamo Moscow kama mtu anayekwenda likizo kwao. Mfagia viti wa Buffalo hana Dynamo Moscow.

"Si walirudi wote? Hasira yao ilikuwa bure"

Dhana hii wamiliki huipenda, na viwanja vinaonekana kuithibitisha. Msimu wa 2005-06, huku maneno ya kuwashukuru mashabiki yakiwa yamechorwa kwenye barafu yenyewe, mahudhurio yaliweka rekodi: karibu watu 17,000 kwa mechi. Januari 2013, baada ya mechi 510 kupotea, timu ya Pittsburgh ilifungua milango bure kwa mazoezi na watu kama 18,000 wakaja kutazama timu ikicheza yenyewe kwa yenyewe. Mechi ya Mwaka Mpya ya uwanja usio na paa kule Michigan, iliyofutwa kwa ajili ya ugomvi, ilichezwa mwaka mmoja baadaye, na watu 105,491 wakakaa chini ya theluji kuitazama.

Lakini anayekwenda uwanjani ndiye wa mwisho kuondoka. Wa kwanza ni yule wa kwenye kochi, na huyo haandiki bango. Anabadilisha chaneli tu. Mwaka 2005 ESPN, kituo kikubwa cha televisheni cha michezo cha Marekani, iliachana na NHL, na ligi ikahamia OLN, kituo kilichojulikana zaidi kwa baiskeli na uwindaji. Kurudi ESPN kukachukua miaka 16.

"Kombe ni mali ya ligi"

Hapa mashabiki wenyewe ndio waliosahihisha. Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada, alilitoa kombe mwaka 1892 kwa ajili ya bingwa wa nchi, akaliweka mikononi mwa wadhamini, yaani watu wa kulitunza, robo karne kabla NHL haijazaliwa. Msimu ulipofutwa, gavana mkuu wa wakati huo, Adrienne Clarkson, alipendekeza wapewe wanawake; baadaye likatengenezwa kombe la wanawake lenye jina la Clarkson. Na jijini Toronto, kikundi cha watu wa kawaida wanaocheza hoki usiku wa Jumatano kujifurahisha kikaenda mahakamani Ontario kudai kuwa ligi haiwezi kulikalia kombe isilolichezea.

Februari 2006 pande zote zikaelewana: mwaka wowote ambao NHL itashindwa kuandaa mashindano, wadhamini wanaweza kulitoa kwa timu isiyo ya NHL. Wanaweza, si lazima. Kipengele hicho hakijatumika. Katika ugomvi ulioanza 2012, makubaliano yalipatikana usiku wa kuamkia 6 Januari 2013, baada ya saa 16 za mazungumzo mfululizo na msuluhishi wa serikali ya Marekani akiwa kati yao, na msimu wa mechi 48 ukaokolewa. Mkataba uliokubaliwa Julai 2025, unaopandisha mechi hadi 84 kwa kila timu, unaisha 15 Septemba 2030. Ni mwezi ule ule wa Septemba.