Andalio la Somo Lianze na Anachokijua Mwanafunzi

Mwalimu anapoketi kuandaa somo, mara nyingi hujiuliza kwanza: nifundishe nini, kwa zana zipi? Maswali hayo ni ya lazima, ila yanatanguliwa na jingine: wanafunzi hawa tayari wanaamini nini kuhusu mada hii? Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, David Ausubel, aliandika kwamba hakuna kinachoathiri ujifunzaji kuliko kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari.

Chukua desimali. Uliza ipi kubwa kati ya 0.35 na 0.8. Wapo watakaojibu 0.35, kwa kuwa 35 inaizidi 8; wanazisoma desimali kama namba nzima. Wengine watajibu 0.8, nawe utawapa vyema. Usiwaamini haraka. Waulize tena, safari hii 0.35 na 0.2. Baadhi yao watachagua 0.2, kwa sababu wanadhani tarakimu zikipungua baada ya nukta, namba inakuwa kubwa: sehemu ya kumi si inaizidi sehemu ya mia? Kumbe jibu lao la mwanzo lilikuwa sahihi kwa hoja potofu.

Hapo una makundi matatu, na kinachoyatenganisha si akili. La kwanza linahitaji thamani ya nafasi, lione kwamba 0.8 ni sawa na 0.80. La pili linajua ukubwa wa kila sehemu lakini halihesabu sehemu ziko ngapi. Lipe mstari wa namba. La tatu limeshaelewa, na kulirundikia mazoezi yaleyale ni kulichosha bure. Andalio moja la wote lingemfaa nani?

Maswali ya uchunguzi yawe mawili au matatu, yajibiwe kwa maandishi, bila alama. Kunyoosha mikono hakutoshi, maana wanaonyoosha ni walewale. Kazi ngumu ni kutunga swali ambalo kila dhana potofu italijibu kwa namna yake tofauti, na hapo ndipo walimu wenzangu wajadiliane kabla ya kuingia darasani.

Ukishajua walipo, andika lengo linaloonekana. “Aelewe desimali” halipimiki. “Apange desimali tano kuanzia ndogo hadi kubwa na aeleze sababu” linapimika, na shughuli za somo zitafuata kutoka humo. Anayeanza mada msaidie kwa mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua; aliyekwishaielewa mwachie maswali ayatatue mwenyewe, kwani mifano hiyo humpotezea muda.

Mahitaji ya wanafunzi yasichanganywe na ile imani kwamba kuna wanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta ushahidi hautoshi kuunga mkono ufundishaji wa namna hiyo. Asiyeona ubao vizuri au asiyeimudu lugha ya kufundishia ana hitaji halisi, na hilo lishughulikiwe mapema. Lakini kuandaa somo lilelile kwa mitindo mitatu? Heri muda huo usome karatasi za majibu.

Dakika za mwisho za kipindi, uliza swali moja jipya la aina ileile. Wengi wakikosea, badilisha somo la kesho, hata kama azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, linakutaka uhamie mada nyingine.