Tumefunzwa mtoto mmoja, maafa huja na shule nzima

Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii na kazi yangu ni ya mashuleni, hapa Malindi na vijiji vya karibu. Nikiulizwa kama tuko tayari kwa maafa ya shuleni, husema tuko tayari kwa mtoto mmoja. Chuoni tulifunzwa kuketi na mwanafunzi faraghani, kumsikiliza, kwenda kwao, kuandika ripoti. Siku ya maafa wanafunzi wanalia madarasa yote kwa pamoja, wazazi wamejaa getini, na walimu wenyewe mikono inawatetemeka.

Katika shule nyingi za Kenya mzigo huo humwangukia mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye ana vipindi vya kufundisha kama wenzake. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 umeyaeleza vizuri mambo ya majengo: milango ifungukie nje, madirisha ya bweni yasiwe na vyuma. Ni lazima yafuatwe. Moto wa bweni katika shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001 uliua wavulana 67, na ule wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, ukaua 21. Lakini walionusurika hurudi darasani, na wengi wetu hatujaandaliwa kwa siku hiyo.

Malindi tulilijua hili kwa uchungu mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola, msitu ambako wafuasi wa dhehebu moja walifunga hadi kufa kwa njaa, ya watoto ikiwamo, na mochari ilikopelekwa iko hapa hapa mjini. Hakuna shule iliyoshambuliwa wala kuungua. Hata hivyo mtoto aliyeona magari yakipita, akasikia redio, akaona picha kwenye simu ya mamake, aliyabeba yote hayo mpaka darasani.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni paredi ya msiba. Shule nzima inakusanywa, inaombewa dua, kisha watoto wanaombwa wasimulie walichokiona. Nia ni njema kabisa, ila mtoto aliyekuwa ameanza kutulia huingizwa upya katika kitisho, na mdogo ambaye hakuona chochote sasa ana picha kichwani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unakataza kumshurutisha mtu asimulie yaliyompata. Unataka mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha, yaani mfikishe mtu kwa wanaoweza kumsaidia.

Hilo la tatu ndilo linalohitaji matayarisho. Huwezi kuanza kutafuta namba ya afisa wa watoto wakati mwanafunzi amezimia. Umjue kabla, umjue muuguzi wa zahanati, imamu na mchungaji, na kila mwalimu ajue kuwa 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto.

Huku kwetu muda nao ni mfupi. Muislamu huzikwa haraka, aghalabu siku hiyo hiyo; mwanafunzi akifariki alfajiri, alasiri ashazikwa, na wenzake huenda wamepata habari kwa uvumi tu. Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu waamue mapema nani atazungumza na familia, na nani atawaambia watoto. Kwa maoni yangu awe mwalimu wa darasa, sauti wanayoijua, kwa maneno machache ya kweli: mwenzenu amefariki, tunalojua ni hili, ukitaka kulia lia, ukitaka kunyamaza nyamaza. Asiseme "amelala" au "amesafiri". Wadogo huogopa kulala.

Wiki za baadaye naangalia mahudhurio, anayesinzia darasani, aliyekuwa mchangamfu akawa mkali.

Na mwalimu wa ushauri nasaha? Yeye pia amefiwa na mwanafunzi wake. Ningependa shule jirani zikubaliane kwamba msiba ukitokea katika shule moja, mwalimu wa ushauri wa shule nyingine aje amsaidie mwenzake siku mbili tatu, ili aliyefiwa apate nafasi ya kwenda mazishini kama mfiwa.