Magoti yanalia, mabega yanatoka: maswali ya viungo baada ya mbio za Mama Ngina

Jumamosi tukimaliza kukimbia pale Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, tunakaa tunakunywa madafu, na maswali ni yaleyale kila wiki, basi nimeona niyaandike mara moja nisichoke mdomo.

Kwani ndani ya kiungo kuna nini?

Ushawahi kuona goti la mbuzi likipasuliwa buchani? Ile nyeupe inayong'aa kwenye ncha ya mfupa ndo gegedu, na wewe unayo vilevile. Mifupa miwili inapokutana kila mmoja umevaa gegedu yake, kwa nje kuna mfuko umefunga pote, na utando wa ndani wa huo mfuko ndo unatoa ute. Ute wenyewe wateleza kama wa bamia na ni kidogo mno, goti zima likiwa salama halina hata kijiko kimoja cha chai. Halafu kuna kano zinafunga mfupa kwa mfupa, na misuli ndo inavuta.

Mbona bega latoka ovyo na nyonga haitoki?

Nyonga ni mchi ndani ya kinu, kichwa cha mfupa wa paja kimezama. Bega ni chungwa juu ya kisahani, lazunguka kila upande, utaogelea, utarusha mpira, lakini ndo hivyo, linashikwa na misuli na kano kuliko mfupa. Kiwiko ni bawaba ya mlango. Goti nalo ni bawaba, ila ukilikunja lazunguka kidogo tu, ndo maana kijana wa boli anageuka ghafla mguu umekwama chini na kano inakatika, wala hajaguswa na mtu.

Kupasha ni lazima ama ni mbwembwe za makocha?

Si mbwembwe. Ule ute ukiwa baridi ni mzito, mwili ukipata joto unakuwa mwepesi. Lakini kubwa ni hili, na watu wengi hawalijui: gegedu haina mishipa ya damu hata mmoja, sasa yala nini? Ni kama sponji, ukikanyaga yakamuliwa, ukiinua mguu yafyonza ute wenye chakula chake, yani goti halili mpaka litembee. Mtu anayekaa dukani asubuhi hadi Isha halafu analalamika magoti yamekauka, wallahi si uzee, ni njaa! Kwa hiyo anza na dakika kumi, tembea haraka, zungusha mabega, kunja magoti, ndo ukimbie. Zile za kujivuta na kushikilia ziache za mwisho.

Nikivunja vidole vyalia tak, nitapata baridi yabisi?

Bibi zetu walitutisha sana na hii. Ule mlio watokana na kapovu ka gesi ndani ya ute, ndo maana ukishavunja lazima ungoje kama dakika 20 kilie tena. Kuna daktari wa Marekani, Donald Unger, alivunja vidole vya mkono wa kushoto kila siku zaidi ya miaka 50, wa kulia akauacha, na mwisho mikono yote haikuwa na ugonjwa. Mwaka 2009 wakampa Ig Nobel, tuzo ya utafiti wa kuchekesha. Sawa, mtu mmoja si ushahidi mkubwa, lakini subira anayo. Kikilia na kuuma, hiyo ni habari nyingine.

Kukimbia kunamaliza magoti?

Kwa mtu wa mazoezi ya kawaida, la. Kinachomaliza ni uzito, jeraha la zamani lililopuuzwa, na kutoka kilomita 2 hadi 10 kwa wiki moja. Ukipunguza kilo 1 ya mwili, goti lapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua. Wa Bamburi mnaokimbia ufuoni, ngojeni maji yatoke mkanyage mchanga mgumu, na kwa vile ufuo una mteremko mrudi njia ileile, mguu mmoja usiwe wa chini safari nzima.

Nimeteguka kifundo, nikandwe?

Usikandwe siku za mwanzo, na asikuvute mtu! Weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15 hivi, funga bandeji, inua mguu. Ukishindwa kupiga hata hatua nne nenda eksirei. Goti likifura ndani ya masaa machache, au likikwama halinyooki, hospitali. Kiungo kikiwa cha moto chekundu na una homa, hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Bega likitoka usimwachie rafiki alirudishe, hapo pana mishipa ya fahamu na ya damu. Na barafu ya wauza samaki yafaa tu, ila tia mifuko miwili, hiyo harufu mwenyewe utaijua kwenye matatu.