Makoja na shanga si cheti cha kuzaliwa

Ikitokea picha ya kijiko cha fedha cha Marekani chenye koja la maua, utepe na chungu cha masikio mawili, hakosi mtu wa kuandika chini yake: "Karne ya 18, kimechongwa kwa mkono." Jamani! Geuza mpini usome nyuma. Ukikuta STERLING (alama ya fedha ya asilimia 92.5) kwenye kijiko cha Marekani, anza kuhesabu katikati ya karne ya 19. (Mafundi wa Cork, Ireland, waligonga neno hilo karne ya 18, sawa, ila hao si Wamarekani.)

Nakshi hizi zilifufuliwa. Msanifu majengo Robert Adam alizivumisha Uingereza miaka ya 1760. Viwanda vya Marekani vikazirudia mwanzoni mwa karne ya 20. Kiwanda cha Gorham kilitoa mtindo wa Etruscan mwaka 1913, International Silver wakatoa ule wa Wedgwood mwaka 1924. Na huo ni mwaka wa mtindo kuingia sokoni, si wa kijiko ulichoshika. Mtindo mmoja uliweza kutengenezwa miongo kadhaa.

Hili la "mkono" ndilo linalonichosha. Bamba hukatwa umbo, hupitishwa kwenye roli likiachwa nene shingoni, hulainishwa kwa moto, kisha hugandamizwa kati ya kalibu mbili za feleji, na nakshi za mbele na nyuma hutoka pamoja. Mkono ulichonga kalibu, si kijiko. Chukua vijiko viwili vya seti moja na lenzi ya mara 10: shanga ileile (kitone cha nakshi) ikiwa na kasoro ileile kwenye vyote viwili, hiyo ni kalibu. Kalamu ya nakshi, yaani patasi ndogo ya mkono, huacha mfereji wenye kingo kali na mng'ao wa kioo. Kalibu huacha kingo butu. Kijiko kilicholika ni mtihani: shanga zikishasawazika, lenzi haisemi kitu, nami siweki dau. Herufi za mwenye mali ndizo mara nyingi za kalamu. Zikiwa zimefutwa, mpini huwa mwembamba hapo katikati. Upulizie pumzi, kivuli cha herufi kitajitokeza kwenye mvuke.

Halafu acheni kutumbukiza vijiko kwenye dawa ya asidi. Nakshi hizi hazina kina, na weusi wa vibondeni, ambao mara nyingi kiwanda chenyewe kiliuweka kwa salfa, ndio unaolifanya koja lisomeke. Kisu ndiyo balaa zaidi: mpini wake ni ganda tu lililojazwa gundi, na dawa hupenya kwenye kiungo cha bapa. Tumia krimu na kitambaa laini, sugua miinuko tu, suuza, kausha papo hapo.