Posho ya Taslimu Haiepuki Kodi kwa Kubadilishwa Jina

Hapa Mombasa, kuanzia hoteli za Nyali hadi maghala ya Changamwe, utasikia: "Hii ni posho, si mshahara, haikatwi kodi." Si kweli. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya kinaweka mshahara, bonasi, kamisheni, malipo ya likizo na posho kwenye fungu moja: mapato ya ajira. Hata zikitumwa kwa M-Pesa jioni, nje ya hati ya mshahara, ni zizo hizo.

Wengi hujitetea kwa ile "elfu tano isiyoguswa". Ipo, lakini ni ya manufaa yasiyo ya fedha. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, manufaa ya aina hiyo hayatozwi kodi ikiwa jumla yake haizidi Sh5,000 kwa mwezi. Mwajiri akikupa mchele na mafuta ya kupikia ya Sh4,000, na hukupata kingine, huna kodi hapo. Akikupa Sh4,000 mkononi ukanunue mwenyewe, zote zinaingia kwenye hesabu ya PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri hukata kwenye malipo yako.

Ujanja wa kugawa malipo nao haufui dafu. Mtu mwenye mshahara wa Sh24,000 kwa mwezi halipi PAYE, kwa sababu nafuu ya kodi ya Sh2,400 kwa mwezi inafuta kodi yake yote. Ndiyo maana waajiri wengine huandika kiasi hicho, kisha wanaongeza "nyumba" Sh8,000 pembeni. Kabla ya kuondoa makato yanayoruhusiwa, ile Sh8,000 inatozwa asilimia 25. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 nao huhesabiwa pamoja na posho za taslimu za kila mwezi.

Posho ya safari ina nafasi yake. Karani wa forodha anayetumwa Malaba kikazi anaweza kupewa hadi Sh10,000 kwa siku bila kodi, tangu Julai 2025. Lakini anayevuka feri kutoka Likoni kwenda kazini kila asubuhi hayuko safarini, na kumwandikia posho hiyo ni kumtafutia matatizo.

Kuna pia kodi inayoitwa ya marupurupu, na jina lake linapotosha: inahusu mikopo ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kwa riba iliyo chini ya ile ya soko. Huilipa mwajiri, si wewe.

Fungua fomu yako ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha malipo na kodi yako ya mwaka. Ukikuta posho ulizopokea hazimo, mwone mhasibu kabla ya 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka.