Je, wajua kwa nini kuuliza kama jina la mtumiaji liko wazi hakutoshi?

Anayejisajili kwa jina la "amina" na kukuta limeshachukuliwa huenda akapendekezewa "amina4", na pendekezo hilo linaweza kutokana na ulizo dogo, yaani swali ambalo programu hutuma kwenye hifadhidata. Wazo linalomjia mtayarishaji programu kwanza ni kuhesabu: ikiwa wapo amina, amina1, amina2 na amina3, jumla yao ni 4, basi anayefuata apewe 4. Hesabu hiyo huvurugika mara tu mwenye amina1 anapofuta akaunti yake, kwa kuwa jumla hushuka hadi 3 na mgeni akapewa amina3, jina ambalo lina mwenyewe.

Kutafuta namba kubwa kuliko zote ni afadhali, ingawa kuna mtego wake. Hifadhidata hulinganisha maandishi herufi kwa herufi, kwa hiyo "amina9" huhesabiwa kuwa kubwa kuliko "amina10", na mfumo utaendelea kupendekeza amina10 hata baada ya jina hilo kuchukuliwa. Dawa yake ni kuikata namba ya mwishoni na kuigeuza kuwa namba kamili kabla ya kulinganisha.

Hata hivyo, tatizo kubwa haliko kwenye hesabu. Maombi mawili yakifika kwa wakati mmoja, yote mawili huuliza kama amina4 liko wazi, yote hujibiwa kwamba liko wazi, kisha yote huandika, kwa sababu kati ya kuuliza na kuandika kuna mwanya, hata ukiwa wa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa maoni yangu, ulizo lichukuliwe kuwa linapendekeza tu. Uamuzi uachiwe sharti la UNIQUE, yaani la kutoruhusu jina kujirudia, lililowekwa kwenye safu ya majina, ambalo humkatalia wa pili. Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL hurudisha kosa namba 23505, ule wa MySQL hurudisha 1062, na programu ikilipokea kosa hilo hujaribu namba inayofuata. Tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, PostgreSQL inaweza pia kuambiwa kwa maneno ya amri ON CONFLICT DO NOTHING iliache jina linalogongana bila kutoa kosa.

Sharti hilo nalo hulinda kile tu lilichoelezwa: katika PostgreSQL, "Amina" na "amina" ni majina mawili tofauti, isipokuwa faharasa ya upekee (orodha ya ndani ya hifadhidata isiyoruhusu marudio) imejengwa juu ya jina lililogeuzwa kuwa herufi ndogo.